Kidimbwi cha Shangazi

Sisi wa Pwani twamjua samaki kwa mwendo wa maji na upepo. Kusi ikivuma kwa nguvu, twavumilia kitoweo haba. Hivyo tulipomzuru shangazi yetu huko Kedowa, katika nchi ya majani chai ya Kericho, tulistaajabu kuonyeshwa kidimbwi cha samaki nyuma ya nyumba. Alikitilia fedha zake zote za chama. Samaki hahitaji kisu cha mchinjaji, na kwa mwenye kukaa mbali na bucha la Waislamu, hilo si jambo dogo.

“Miezi minane, wanangu, na hawajapita kiganja,” alisema. “Je, nimepunjwa vifaranga?”

Hakupunjwa. Tilapia hustawi katika maji ya nyuzi 25 hadi 30. Yakiwa baridi sana huacha kula, na chakula kilichobaki huoza chini na kuyachafua. Tena, madume na majike wakichanganywa huzaana mno, wakajaa wadogo watupu. Kedowa iko juu zaidi ya mita 2,000, na umande wake wa alfajiri ni wa kuvalia sweta.

Mwaka 2009 Serikali ilianza mpango wa vidimbwi 200 katika kila jimbo miongoni mwa majimbo 140, kila kimoja mita 300 za mraba. Kipimo kilikuwa kimoja. Hali ya hewa ya nchi hii si moja. Kwa maoni yetu, kipimajoto kilistahili kutangulia jembe.

Leo kuna Huduma ya Uvuvi ya Kenya, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Lakini Katiba imeyakabidhi mambo ya uvuvi mashinani kwa kaunti. Kwa hiyo mama mwenye kidimbwi na abishe kwanza kwa afisa wa uvuvi wa kaunti yake, naye amuulize habari ya baridi kabla ya habari ya bei.

Yuko samaki apendaye baridi, trauti, ambaye vifaranga vyake hukuzwa Kiganjo, karibu na Nyeri. Huyo ataka maji safi yapitayo daima, na ya shangazi yametuama. Tulishauriana apunguze samaki, akifunike kidimbwi kwa karatasi ya nailoni, na asubiri zaidi ya alivyoahidiwa.

Kipimajoto amekwisha kununua. Asubuhi tuliyoagana kilisoma nyuzi 17.