Mwalimu Msafiri na Laini ya Simu

Likizo inapowadia, walimu na wanafunzi wengi hufunga safari kwenda mashambani wakiwa na kazi isiyoweza kungoja: alama za tathmini za kupelekwa kwa Baraza la Mitihani, au maombi ya kujiunga na vyuo vikuu. Ajabu ni kwamba aghalabu huchagua kampuni ya simu kwa kutazama bei ya data pekee. Naupinga mtindo huo. Data rahisi iliyonunuliwa Nairobi haifai kitu Loiyangalani ikiwa kampuni hiyo haina mnara karibu. Isitoshe, mawimbi ya megahezi 700 na 800 hufika mbali kuliko yale ya masafa ya juu yanayotumika sana mijini. Hivyo basi kasi ya jijini si ushahidi wa kijijini. Heri kumuuliza mwenyeji wa huko, wala si mchuuzi wa kadi kituoni, ni laini ipi inayoshika intaneti hata jioni, watumiaji wanapokuwa wengi. Tangu 2011 tunaruhusiwa kuhama kampuni bila kubadili nambari, lakini msafiri namshauri abebe laini mbili, za kampuni tofauti. Nao waendao Busia au Namanga wajihadhari: simu huweza kunasa mnara wa nchi jirani kabla mwenyewe hajavuka mpaka, na gharama ikapanda.