Kidonge Kitupu na Deni Lisilolipwa



Mwezi Juni 2023, katika mji wa Chicago nchini Marekani, mabingwa wa saratani walikusanyika wakasikia habari iliyopokelewa kwa shangwe. Dawa iitwayo osimertinib, mali ya kampuni ya AstraZeneca, ilikuwa imejaribiwa kwa watu waliokwisha kufanyiwa upasuaji wa saratani ya mapafu, wale ambao saratani yao ina hitilafu fulani katika chembe za urithi. Miaka 5 ilipopita, waliokuwa hai katika kundi la dawa walikuwa asilimia 88. Katika kundi la pili, lililomeza kidonge kitupu, yaani kidonge kinachofanana na dawa lakini kisicho na dawa ndani yake, walikuwa asilimia 78.

Hatuna sababu ya kununia habari njema. Lakini watu wa Haki na Amani wana wajibu wa kuuliza juu ya lile kundi la pili: watu hao walitendewaje?

Jaribio lenyewe, lililopewa jina la ADAURA, lilihusu wagonjwa 682. Walipangwa kwa kura, hawa dawa kwa muda wa miaka 3, wale kidonge kitupu, na wala mgonjwa wala daktari wake hakujua ni kipi kinachomezwa. Wapo wanaoona kwamba hapo ndipo penye dhambi. Mimi sioni hivyo. Jaribio lilipoanza mwaka 2015 hakuna aliyejua kama dawa hiyo ingemfaa mtu ambaye uvimbe wake umekwisha kuondolewa. Baadhi ya watu wa namna hiyo saratani haiwarudii kabisa, na kuwalisha dawa yenye kuharisha, vipele na vidonda vya kinywani kwa miaka 3 bila sababu si huruma. Pale ambapo hakuna ajuaye, kura ni ya haki.

Dhuluma inaanza pale saratani inaporudi.

Mwaka 2017 jaribio jingine la kampuni hiyohiyo, la watu 556 ambao saratani yao ilikuwa imekwisha kuenea, lilionyesha kwamba osimertinib iliuzuia ugonjwa kwa muda wa kati wa miezi 18.9, na dawa za zamani za jamii yake miezi 10.2. Mwezi Aprili 2018 Marekani ikaiidhinisha kuwa dawa ya kwanza kwa wagonjwa wa hali hiyo. Tangu hapo haikuwezekana tena kusema, "Hatujui." Mtu ambaye saratani imemrudia na kuenea, dawa bora kwake ilikwisha kujulikana, nayo ilikuwa ghalani mwa yuleyule aliyekuwa akiliendesha jaribio. Hata hivyo, katika kundi la kidonge kitupu, kati ya wale ambao saratani iliwarudia, waliopewa osimertinib hawakufika nusu.

Someni tena sentensi hiyo, halafu mrudieni asilimia 88 na 78. Je, tofauti hiyo imeletwa yote na kuianza dawa mapema? Au sehemu yake imeletwa na kwamba wengi wa kundi la pili hawakuipata kamwe, hata pale walipoihitaji? Mgonjwa anayetoka chumba cha upasuaji anataka kujua jambo moja: nianze dawa leo, au nisubiri, niimeze ugonjwa ukirudi? Jaribio hili haliwezi kumjibu sawasawa, kwa kuwa wengi wa waliosubiri hawakupewa walichokuwa wakikisubiri. Kwa hiyo kosa ni mara mbili: walioazima miili yao wamepunjwa, na elimu tuliyoipata kwa miili yao imetiwa doa.

Watetezi wanasema kwamba baadhi waliugua tena kabla ya mwaka 2018, na kwamba katika nchi nyingi dawa hiyo ilikuwa haijaidhinishwa au serikali haikuilipia, hivyo jaribio limeonyesha tu maisha yalivyo. La kwanza nalikubali kwa sehemu. La pili ni udhuru wa mwenye ghala anayesema kwamba jirani alilala njaa kwa sababu soko lilifungwa.

Wala haikuwa jambo lisilowezekana. Mwaka 2016 lilitangazwa jaribio la pembrolizumab, dawa inayoamsha kinga ya mwili, iliyolinganishwa na tiba ya kemikali kwa wagonjwa 305 wa saratani ya mapafu iliyoenea. Waliozidiwa na ugonjwa wakiwa katika tiba ya kemikali waliruhusiwa kuhamia dawa mpya. Na faida ilipodhihirika, kamati huru ya wasimamizi ilishauri jaribio lisimamishwe ili waliobaki nao wapewe nafasi hiyo. Dawa mpya ilionekana bora vilevile. Ukweli haukupungua kwa kutenda haki.

Azimio la Helsinki, ambalo madaktari wa dunia walilipitisha mwaka 1964, lilirekebishwa mwaka 2013 likasema wazi kwamba kabla jaribio halijaanza, wafadhili, watafiti na serikali waandae namna ya kuwapatia washiriki dawa iliyoonekana kufaa. Papa Pius XII, alipowahutubia madaktari mwezi Septemba 1952, alikwisha kufundisha kwamba hata maslahi ya sayansi na ya jamii nzima yana mpaka mbele ya haki ya mgonjwa mmoja.

Mtaniuliza, Baba, haya ya Chicago yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu kamati za maadili ya utafiti huhitaji wajumbe wasio madaktari, na walei wa parokia zetu ni miongoni mwa wanaoweza kuitwa. Mara nyingi mjumbe wa namna hiyo hukaa kimya akiwaachia wasomi. Niliwahi kuletewa na mgonjwa fomu ya ridhaa ya kurasa nyingi. Mimi niliyesoma falsafa na teolojia seminarini niliisoma mara tatu ndipo nikaielewa. Ilieleza kwa kirefu damu itachukuliwa mara ngapi. Juu ya dawa atakayopewa ugonjwa ukizidi, ilikuwa na mstari mmoja: atashauriana na daktari wake.

Basi atakayeitwa asome mstari huo kwanza. Aulize: yule wa kundi la kidonge kitupu, au la dawa ya zamani, ugonjwa ukimrudia atapewa dawa gani? Nani ataigharimia, na kwa muda gani? Matokeo mapya yakitoka mahali pengine jaribio likiendelea, nani atamwarifu, na kwa lugha gani? Majibu yaandikwe ndani ya fomu, si katika maneno ya kikao. Akiambiwa kwamba hayo yatatazamwa baadaye, asitie sahihi.