Fulu: jina moja, samaki mia tano

Asubuhi moja hapa Migosi nilimwuliza mama auzaye samaki kando ya njia kama ana fulu. Alicheka. "Mwalimu, hao walikuwa chakula cha nyanya yangu," alisema, akanifungia omena. Kijana wa sekondari aliyekuwa akingoja zamu yake akauliza fulu ni kitu gani.

Jambo hilo lilinikera. Kijana yule, akiulizwa mtihanini juu ya mageuko ya viumbe, atajibu habari za ndege wa visiwa vya Galapagos alikofika Charles Darwin mwaka 1835. Ndege hao hawafiki spishi 20. Fulu wa Ziwa Viktoria walikadiriwa kufika spishi 500, wote wa ukoo mmoja: wavunjao konokono, wakwanguao mwani mawenini, wanyang'anyao makinda ya samaki wenzao, hata wenye kula magamba. Na ajabu kubwa zaidi ni muda. Tope lililochimbwa chini ya ziwa laonyesha kwamba lilikauka yapata miaka 15,000 iliyopita. Wingi huo, basi, karibu wote ulizuka baada ya hapo, muda ambao kwa mwanajiolojia ni kufumba na kufumbua. Uchunguzi wa jeni uliochapishwa mwaka 2017 ulidhihirisha kwamba wahenga wa fulu walikuwa mchanganyiko wa samaki wa pande za Kongo na wa pande za Nile. Mimi ni mtu wa lugha, na hapo nilitabasamu: Wabantu na Wajaluo wa ukingo huu nao walitoka pande hizo hizo mbili.

Kisha akaja mbuta. Alitiwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ametapakaa kote. Siwezi kumtukana samaki aliyelipia karo watoto wengi wa Nyanza. Lakini takriban spishi 200 za fulu hazikuonekana tena. Wala mbuta hakutenda peke yake. Maji taka ya miji na udongo wa mashamba umelitia ziwa ukungu, ilhali majike ya fulu huchagua madume kwa rangi, huyu mwekundu, yule wa buluu. Rangi zisipoonekana, majike hukosea, na spishi mbili hurudi kuwa moja.

Nimewahi kusikia msomi akidai kwamba Wajaluo kutumia jina moja tu kwa samaki hao wote ni dalili ya kutowajali. Sikubaliani naye. Lugha hupambanua yale yanayopambanuliwa sokoni na jikoni. Ngege, ningu, mumi na kamongo, kila mmoja alikuwa na bei yake na upishi wake. Fulu aliuzwa kwa fungu. Wanasayansi wenyewe kwa muda mrefu waliwatia walio wengi katika kapu moja la Haplochromis, na baadhi walitoweka kabla ya kupewa jina rasmi. Nani basi amcheke mvuvi? Lawama naielekeza kwetu sisi wa vyuo, tunaochambua vitenzi vya Kijaluo mwaka baada ya mwaka bila kuketi na wazee wa Dunga na Usenge, tukiwa na picha za samaki mkononi, tukawauliza huyu mlimwitaje, na yule je, na walivuliwa wapi. Wazee hao hawatatungoja.

Fulu kadhaa bado wapo, pamoja na ngege wa asili, katika Ziwa Kanyaboli huko Siaya. Waliokolewa na mafunjo ya kinamasi cha Yala, kwa kuwa hewa ya oksijeni ni haba katika maji ya humo na mbuta haivumilii hali hiyo. Kinamasi hicho kilianza kukaushwa kwa ajili ya mashamba tangu miaka ya 1960, na kila mwekezaji ajapo huambiwa kwamba ni ardhi isiyo na kazi. Kulihifadhi ziwa huku mafunjo yakifyekwa ni kufunga mlango na kubomoa ukuta. Wakuu wa kaunti za Siaya na Busia wasitie sahihi mkataba mwingine wowote kabla ya mafunjo hayo kuwekewa mpaka ambao tingatinga halitauvuka.