Anayesugua Kete Naye Acheze

Huko Tabaka, kusini mwa Kisii, mawe meupe, ya waridi na ya kijivu huchimbwa na kuchongwa vinyago, mabakuli, na pia seti za sataranji zinazouzwa Nairobi na kuvuka bahari. Kazi hiyo ina mgawanyo wa tangu jadi: wanaume huchimba na kuchonga, wanawake husugua kwa msasa na maji, kisha hupaka nta mpaka jiwe ling'ae. Wako akina mama wa Gusii walioshika wafalme, farasi na ngome wengi kuliko bingwa yeyote, na hawajawahi kualikwa kuketi mbele ya ubao. Toleo hili tumeliandaa kwa ajili yao na binti zao.

Wapo wanaodai kwamba akili ya mwanamke haikuumbwa kwa mapambano ya aina hii. Hoja hiyo ilikwisha zamani. Judit Polgár wa Hungaria alipata cheo cha grandimasta mwaka 1991 akiwa na miaka 15, mdogo kuliko yeyote aliyemtangulia, mwanamume au mwanamke. Baadaye alifika nafasi ya 8 duniani katika orodha ya wote, na mwaka 2002 akamshinda Garry Kasparov. Alikuwa na wazazi waliomfundisha tangu utotoni, dada wawili wa kucheza nao, na muda wa kufanya mazoezi.

Karibu nasi zaidi, Phiona Mutesi alimfuata kaka yake hadi kwenye programu ya watoto mtaani Katwe, Kampala, palipokuwa na uji na ubao. Mwaka 2010 aliiwakilisha Uganda kwenye Olimpiadi ya Sataranji nchini Urusi. Nani ajuaye ni Phiona wangapi wanaopita njia za Keroka na Ogembo bila kukutana na mlango ulio wazi?

Tuseme basi kinachowazuia. Mchezo wa ushindani hufunzwa na kushindwa. Kijana anayecheza drafti nje ya duka, au anayeshinda kwenye kibanda cha PlayStation mjini Kisii, hufungwa mara nyingi kabla ya kuanza kufunga, na kila kipigo humwachia somo. Dada yake hakosi kipaji. Anakosa vipigo hivyo. Shule ikifungwa jioni kule Nyansiongo au Kebirigo, mvulana huelekea sokoni kwa wenzake, naye msichana hungojewa na maji, kuni, mtoto mchanga na jiko. Akimaliza, giza limeingia, na mahali mchezo ulipo hapamfai kwenda peke yake.

Hata akifika, hubebeshwa mzigo asiouomba. Mvulana akishindwa, ameshindwa yeye. Msichana akishindwa, husemwa kwamba wasichana hawawezi; akishinda, husemwa kwamba ameachiwa. Mzigo huo huwatoa wengi mchezoni kabla ya kufikia kiwango chao. Ndiyo maana tunamheshimu Sylvia Gathoni, ajulikanaye kama Queen Arrow, ambaye mwaka 2018 alikuwa Mkenya wa kwanza wa kike kusajiliwa na timu ya kimataifa ya michezo ya video, akicheza Tekken. Lakini nchi haiwezi kungoja kila msichana awe jasiri kama yeye. Mchezo ulio wa haki humpokea hata msichana mwoga, hata mwenye kipaji cha wastani, kama unavyowapokea wavulana wa namna hiyo kila siku.

Wasomaji wengine watauliza kama mashindano ya wanawake pekee ndiyo dawa. Olimpiadi ya Sataranji ya wanawake ilianza mwaka 1957, na ndiyo iliyompa Mutesi nafasi. Tunayaunga mkono kama lango la kuingilia. Ila msichana akikaa langoni maisha yake yote, atakuwa amenyimwa wapinzani wanaomkuza. Aingie kwa mashindano yake, kisha aketi meza moja na yeyote.

Tunayoomba yanawezekana mwaka huu huu. Walimu wa Kisii na Nyamira, wekeni mchezo ndani ya saa za shule, kabla kazi za nyumbani hazijamdai msichana. Serikali za kaunti zetu mbili, nunueni seti za Tabaka kwa ajili ya shule zetu. Fedha zitabaki kwa wachongaji na wasuguaji wetu wenyewe. Wenye vibanda, tengeni saa za mchana kwa wasichana, na anayewatukana atolewe nje. Wazazi, mgawieni mvulana nusu ya kazi za jioni. Nanyi akina mama wa Tabaka, kabla hamjaifunga seti nyingine kwa ajili ya mteja, itandazeni mcheze. Mkono ulioing'arisha una haki ya kuisogeza.