Kutoka Mtaro wa Kenyatta Market Hadi Matumbawe ya Malindi

Ndugu zangu wenye vibanda na wateja wa Kenyatta Market, nanyi majirani zetu wa Ngumo, Golf Course na Kibera, naleta kwenu ombi ambalo huenda likawa geni masikioni mwa watu wanaoishi mbali na pwani: kwamba ulinzi wa matumbawe ya Malindi tuufanye dhima yetu wenyewe, maadamu maji yanayoondoka hapa kwetu hayana marejeo mengine ila bahari.

Mvua ikipiga, yaliyomo mitaroni huteremka hadi vijito vya mji wetu, ukiwemo Mto Ngong upitao Kibera na Bwawa la Nairobi. Vijito hivyo huingia Mto Nairobi, nao huingia Athi. Na Athi, ukishapita maporomoko ya Fourteen Falls na kuambaa uwanda wa Yatta, hukutana na mto Tsavo ukaitwa Galana, kisha Sabaki, hata ukamwagika baharini kaskazini kidogo ya mji wa Malindi.

Hapo ndipo ilipo hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 1968 pamoja na ile ya Watamu, nazo ni katika za awali kabisa barani Afrika. Mgeni hupelekwa kwa mashua maji yakipwa, akavaa miwani ya kuzamia na mrija wa kupumulia, akalala kifudifudi juu ya maji. Na chini yake huwaona pono wakiguguna matumbawe, tafi wakipita kwa makundi, mkunga akichungulia pangoni, na akijaaliwa, kasa akila nyasi za bahari kwa utulivu usiojali khalaiki inayomtazama. Kila Mkenya anastahili kuiona ajabu hiyo japo mara moja katika umri wake.

Tumbawe ni makazi ya viumbe hai vidogo mno, ambavyo ndani ya miili yao huishi mimea inayohitaji nuru ya jua ili ivilishe. Tope likitanda, nuru hukatika, na likivitulia juu huvifukia. Na upepo wa kaskazi, uanzao aghalabu mwezi Novemba, ndio unaolivuta tope la Sabaki upande wa Malindi, wakati uleule ambapo mvua za vuli zimeufurisha mto. Ni kweli kwamba udongo mwingi hutoka kwenye mashamba na ardhi iliyokatwa miti, na kwamba joto la bahari la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi ya pwani yetu; lakini plastiki hailimwi shambani. Hiyo hutoka mijini kwetu, na mfuko unaoelea majini hufanana na konyeza, ambaye kasa humla. Akiumeza, matumbo huziba, akafa.

Sheria tunazo: mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja haziruhusiwi ndani ya hifadhi. Ila askari wa hifadhi hawezi kuusimamisha mto. Wavuvi wa Kuruwitu, huko Kilifi, walikifunga kwa hiari yao kipande cha bahari kilichowapa riziki, wakastahimili, na samaki wakarejea. Sisi hatuombwi kujinyima hata tonge moja.

Naomba basi kila kibanda kiwe na gunia lake la taka. Kina mama na kina dada wasusi wasifagie mtaroni mabaki ya nywele za bandia, ambazo nazo ni plastiki. Mafundi cherehani watenge vipande vyao vya nguo. Wachoma nyama wakusanye chupa za wateja. Na sote kwa sauti moja tuitake serikali ya kaunti izoe magunia hayo kwa siku maalumu na kuweka vyuma vya kuchujia kwenye midomo ya mitaro. Kabla vuli haijaanza mwezi Oktoba, tutenge Jumamosi moja asubuhi tuizibue mitaro yetu wenyewe: mwenye sepetu aje nalo, mwenye mkokoteni aje nao, na kila mwenye kibanda atoe mtu mmoja.