Faili linakufa, Mama ndiye anaandika barua

Wandugu, nimekuwa kimya humu karibu wiki tatu. Kazi za makundi, majaribio, na habari za bumu mnazijua wenyewe. Leo naandika kwa sababu kuna jambo limenikaa kooni, na wengi wenu linawahusu hata kama hamjalisikia.

Mnakumbuka muhula uliopita wenzetu kumi na mmoja walivyoambiwa hawana alama za mazoezi ya kufundisha? Watu wamekaa shuleni, wamekaguliwa, fomu zimesainiwa, halafu wanakuja wanaambiwa kwenye kompyuta hawapo. Mmoja wao ninalala naye chumba kimoja. Usiku ule hakupata usingizi, na mimi nikamsaidia kumsema yule mama wa ofisini. Eti hajui kompyuta, eti kawekwa pale na mjomba wake. Mengine siyarudii.

Basi likizo nikapata kibarua kwenye ofisi hiyohiyo (siitaji, mnaojua mnajua), kuingiza upya alama kutoka kwenye fomu za karatasi. Siku ya tatu tu, faili likagoma kufunguka. Mama akashusha pumzi, akasema, "Limeanza tena, mwanangu." Akaitwa fundi, akabonyeza pale pa kubana na kukarabati faili, likafunguka, akaondoka. Wiki iliyofuata tena. Na tena.

Kila akija ana sababu mpya. Mara virusi, lakini programu ya kuua virusi haikukuta kitu. Mara faili limejaa. Jamani, faili la Access lina ukomo wa gigabaiti 2, na la kwetu halikufika hata megabaiti 100! Ikabaki sababu ya mwisho: Mama anabonyeza ovyo. Hiyo haikuhitaji kupimwa na mtu. Mama hana wa kumtetea.

Hapa nieleze kidogo, na mnivumilie maana mimi mwenyewe ni wa Kiswahili na Historia, haya nimefundishwa na jamaa yangu wa kompyuta. Access siyo kama zile kanzidata za seva, MySQL au PostgreSQL. Kule kuna dirisha kama la benki. Unapitisha ombi lako, aliye ndani ndiye anayeandika vitabuni. Ukiondoka katikati, vitabu vyake viko salama. Access haina dirisha. Faili limekaa kwenye folda ya pamoja, na kompyuta ya kila mmoja inaingia yenyewe stoo, inachukua kurasa, inaandika, inarudisha kupitia mtandao. Kurasa zenyewe ni ndogo, kilobaiti 4 kila mmoja. Watu watano wakifanya hivyo kwa waya mzuri, kazi inaweza kwenda miaka. Ila mmoja akikatika wakati anaandika, ukurasa huu umeshaandikwa na ule bado, faili linabaki nusunusu. Na mara nyingi anayelikuta limekufa siye aliyeliua. Ni yule tu aliyelifungua baadaye. Yaani Mama, ambaye anashinda humo kutwa nzima.

Nikachukua daftari. Kila likifa naandika tarehe, saa, na nani alikuwa ndani. Kujua nani alikuwa ndani siyo uchawi. Ukifungua faili la Access, pembeni yake kunatokea kifaili chenye mwisho wa laccdb, au ldb kwa yale matoleo ya kabla ya 2007, na ndani yake yamo majina ya kompyuta zilizoingia. Wote wakitoka vizuri kinafutika chenyewe. Kukiwa na ajali kinabaki, kama shahidi asiyejua kukimbia.

Kwa wiki nne nilipata ajali sita. Moja umeme ulikatika. Tano zilizobaki zote ni kati ya saa saba na nusu na saa nane na robo mchana, na mara zote tano ilikuwepo laptopu moja iliyoingia kwa waifai. Ya mkubwa mmoja. Anafungua fomu ya alama, anarekebisha, saa nane ana kipindi, anaifunika laptopu kama kitabu na kuondoka nayo kwapani. Laptopu inalala, waifai inakatika, huku nyuma faili limeachwa mdomo wazi.

Na zile alama za wenzetu? Programu inapokarabati ikikuta sehemu isiyoielewa inaweza kuitupa, ili mradi faili lifunguke. Fundi alikuwa anakarabati bila kutoa nakala kwanza. Najuaje kwamba zilipotea hapo? Kwa sababu Mama, huyohuyo asiyejua kompyuta, alikuwa na nakala kwenye flashi yake. Kila Ijumaa jioni watu wakishaondoka alikuwa ananakili. Nikaifungua ile ya kabla ya ukarabati, majina yote kumi na moja yamo. Nikamuuliza, mama, mbona hukuwaambia? Aliwaambia. Akajibiwa kwamba flashi ndizo zinazoleta virusi. Kisha akapewa barua ya kutakiwa kujieleza.

Mimi naona tatizo letu siyo kompyuta. Tunapenda kukarabati kwa sababu ukarabati haumuulizi mkubwa chochote. Kutafuta chanzo kungemlazimu mtu aende kumwambia, mheshimiwa, funga faili kabla hujafunika laptopu, au njoo ukae kwenye kompyuta ya waya. Sentensi moja! Badala yake tumeingiza alama kwa mkono likizo nzima, na mimi nimelipwa kwa kazi ambayo flashi ingeimaliza asubuhi moja.

Nilimwonyesha fundi daftari. Kwa kweli alisikiliza. Tukaligawa faili: majedwali yakabaki kwenye folda ya pamoja, fomu zikawekwa nakala yake kwenye kila kompyuta. Haikuchukua hata saa moja. Tukakubaliana pia kwamba hakuna kukarabati kabla ya kunakili, na nakala zipewe tarehe. Hayo yanasaidia, lakini kugawa faili hakuzuii mtu wa waifai kukatika anapoandika kwenye majedwali. Hilo fundi alilielewa vizuri. Akasema, "Sasa huyo mzee nani atamwambia?" Tukacheka, tukaachana.

Wiki ya pili hii halijafa. Ofisi nzima inamsifu fundi. Mimi najua mkubwa yuko safarini.

Anarudi Jumatatu. Barua ya Mama ya kujieleza bado iko kwenye jalada lake, na jalada ndilo linalosomwa siku ya kupandishwa cheo. Nimemwambia nitaenda na daftari langu, nimwombe mzee kwa heshima aliangalie, na kuhusu barua aseme yeye mwenyewe. Mama hataki. Ananiambia, "Mwanangu, wewe maliza masomo yako, mimi nimezoea." Nilimwomba radhi kwa yale niliyosema kule chumbani, ingawa hakuyasikia. Akanicheka, akanitumia chai.

Daftari ninalo kwenye begi. Nyie mngefanyaje? Na mkienda kuchukua barua zenu za shule, mwamkieni kwanza.