TUTEMBELEE ULIMWENGU: Hekalu la Ise, jipya kila miaka 20

Juma hili twawaalika Japani, katika mji wa Ise. Huko ndiko lilipo hekalu linaloheshimiwa kupita yote ya dini ya Kishinto, dini ya kale ya Wajapani. Makubwa ni mawili, la Ndani na la Nje, na pamoja na madogo yaliyo chini yao jumla ni 125. La Ndani ni la Amaterasu, ambaye wafuasi wa dini hiyo humwita mungu wa jua na bibi wa ukoo wa Kaisari.

Kabla hatujavuka daraja, wazazi wengine watatuuliza: Mkristo ana shughuli gani huko? Swali ni la haki, na Wakatoliki wa Japani walilionja kwa uchungu. Mwaka 1932, mjini Tokyo, wanafunzi wachache wa chuo kikuu cha Kikatoliki cha Sophia walikataa kuinama mbele ya hekalu la Yasukuni, walikopelekwa na afisa wa jeshi aliyewafundisha. Ghasia ikawa kubwa. Wakristo wakashutumiwa kwamba hawaipendi nchi yao. Mwaka 1936 Roma ilijibu kwamba kuinama kwa heshima ya taifa, kama serikali ilivyozieleza sherehe zile, si kuabudu. Jibu hilo liliwapa wengi nafuu, ingawa twaona kwamba halikuondoa mzigo wote dhamirini. Baada ya vita kwisha mwaka 1945, serikali ilitengwa na mahekalu, na leo halazimishwi mtu. Wenyeji huinama mara mbili, hupiga makofi mara mbili, kisha huinama tena. Mgeni Mkristo husimama kimya kwa adabu, wala hasemi sala asiyoiamini. Kuheshimu mema yaliyomo katika dini za wengine, hilo Mtaguso wa Pili wa Vatikano umetufundisha tangu 1965.

Haya, tuvuke. Daraja la Uji ni la mbao, urefu wake kama meta 100, nalo lapita juu ya mto Isuzu. Ng'ambo ya pili watu hunawa mikono na kusukutua kinywa, kisha hufuata njia ya changarawe kati ya miti mirefu ya kale. Hatimaye twafika penye ngazi za mawe. Hapo kupiga picha ni marufuku. Na juu ya ngazi, kumbe, karibu hatuoni kitu! Nyua nne zimelizunguka jumba takatifu, na langoni pametundikwa pazia jeupe. Juu ya nyua twaona paa la nyasi tu.

Lakini kando yake kuna kiwanja kitupu, sawasawa kwa ukubwa, kimetandazwa mawe. Kiwanja hicho ndicho kinachotufunulia siri ya Ise. Kila baada ya miaka 20 hujengwa humo jumba jipya, lilelile kwa kipimo na umbo, kisha la zamani hubomolewa. Desturi hiyo ilianza mwaka 690, zamani za Kaisari Jito, aliyekuwa mwanamke. Mara ya 62 ilikuwa mwaka 2013, na mwaka ule waliofika Ise walizidi milioni 14.

Sisi tunaozijua nyumba za nyasi hatuhitaji kuelezwa sana: nguzo iliyochimbiwa ardhini huoza, na paa huchakaa. Wajapani wanajua kujenga kwa mawe, lakini hapa hawakutaka. Kijana anayechonga nguzo akiwa na miaka 20 atakuwa fundi kamili akiwa na 40, na akiwa na 60 atasimama kando kuwafundisha wajukuu.

Si nyumba tu. Kila mara hutengenezwa upya hazina za hekalu, aina 714, vitu 1,576: mavazi ya hariri, panga, pinde na podo, vioo, hata vyombo vya kufumia nguo. Hapo kale, vile vya zamani vilichomwa au kuzikwa, visije vikashikwa na mikono isiyostahili. Siku hizi vyahifadhiwa, na vingine huonyeshwa katika jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1909. Jumba jingine, la mwaka 2012, huonyesha jinsi mafundi wanavyovitengeneza hatua kwa hatua.

Kuna upanga mmoja ambao mpini wake hupambwa kwa manyoya ya toki, ndege wa jamii ya kwarara. Ndege hao walikwisha porini Japani. Wa mwisho walikamatwa mwaka 1981 ili wakuzwe, na yule wa mwisho mzaliwa wa Japani alikufa mwaka 2003. Waliopo leo ni kizazi cha ndege walioletwa kutoka China. Fundi anaweza kuujua upanga wote, lakini akose unyoya.

Mnyororo huo uliwahi kukatika. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya karne ya 15 na ya 16, ilipita zaidi ya miaka 120 bila kujenga upya majumba makuu. Aliyeinusuru kazi ni mtawa mwanamke, Seijun, tena wa dini ya Budha, si ya Kishinto. Alizunguka akiomba michango, na mwaka 1563 Hekalu la Nje likajengwa. La Ndani likafuata mwaka 1585. Mwaka 1949 tena, nchi ikiwa imeshindwa vitani, kazi iliahirishwa. Ilitimizwa mwaka 1953 kwa michango ya watu.

Miti itumikayo ni hinoki, ndugu wa mberoshi tunaousoma katika Biblia, yapata 10,000 kila mara. Mwaka 1923 walianza kutunza msitu wa hekalu kwa mpango wa miaka 200. Waliouanza walijua hawatauona mwisho wake. Mwaka 2025 zimeanza sherehe za kwanza za jengo la 2033.

Na mbao za zamani? Nguzo kubwa zilizobeba mwamba wa paa huchongwa tena, zikawa malango kwenye ncha mbili za Daraja la Uji. Zikisha kusimama hapo miaka 20, hupelekwa Kuwana na Seki, kwenye barabara ya kale ya mahujaji, kuwa malango tena.